Nimelipa, Kwa Hiyo Usilale



Juma hili tunaliweka kando somo tulilokuwa tukiliendeleza, ili tujibu hoja moja ambayo imetufikia mara nyingi mno kwa sura mbalimbali, na ambayo sisi tunaiona kuwa ni ya uongo. Hoja yenyewe ni neno moja tu: nimelipa. Nimelipa nauli, nimelipa chumba, nimelipa kinywaji. Kwa hiyo muziki wangu wa usiku wa manane ni sehemu ya kile nilichonunua, na jirani asiyeupenda ajitafutie namna. Tumeisikia kwa wenye kumbi za harusi, tumeisikia kwa abiria wa mabasi ya usiku. Lakini mahali inapojionyesha wazi kabisa, bila kujifunika vazi la mila wala la desturi, ni ndani ya zile meli kubwa za kitalii zinazozunguka Bahari ya Karibi na Bahari ya Mediterania zikiwa na maelfu ya watu, ambamo jirani na jirani hulala wakiwa wametenganishwa na ukuta mwembamba kuliko upana wa kiganja.

Mtatuambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri na kwamba tungefanya vema kuwaandikia wenye shida. Tunajibu kwamba si mambo ya matajiri peke yao. Wapo wazee wa parokia zetu ambao watoto wao walioko Marekani na Ulaya huwalipia safari hizo kama shukrani ya malezi. Wapo pia vijana wetu wa Mombasa na kwingineko pwani wanaotandika vitanda na kuosha vyombo katika meli hizo kwa mikataba ya miezi mingi. Kelele ya chumba kimoja huwagusa wote, na kama tutakavyoonyesha, huyo wa pili huumia zaidi ingawa hakuna anayemuuliza.

Tuanze na ukuta, maana wengi wanaobishana juu ya kelele za melini hawajui ukuta huo umetengenezwa vipi.

Chumba cha meli ya kisasa kwa kawaida hakijengwi ndani ya meli. Huundwa kiwandani, nchi kavu, kama sanduku lililokamilika, pamoja na kuta, dari, bafu, kioo na taa; kisha huletwa gatini, hupandishwa kwa winchi na kusukumwa mahali pake kama mtoto wa meza anavyosukumwa ndani ya meza. Huko Piikkiö, nchini Finland, kipo kiwanda ambacho kazi yake ni hiyo, nacho ni cha Meyer Turku, wajenzi wa Icon of the Seas, meli iliyoanza kuchukua abiria Januari 2024. Meli hiyo ina sitaha 20, abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa kila chumba, na wafanyakazi 2,350. Huo ni mji. (Kwa wapenda historia: jina hilo la Meyer ni lile lile la kiwanda cha Papenburg, Ujerumani, kilichounda mwaka 1913 meli ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Aliyewahi kulala kwenye sitaha ya Liemba katikati ya magunia ya dagaa atatuambia nani alilala vizuri zaidi.)

Ukuta wa sanduku hilo ni bati mbili nyembamba za chuma zilizobana pamba ya mawe katikati. Unene wake aghalabu ni kati ya milimita 25 na 50. Hakuna tofali wala zege, na sababu yake ni ya haki kabisa: meli haiwezi kubeba kuta za tofali, kwa kuwa kila tani inayoongezwa juu hudai mafuta zaidi na hupunguza uthabiti. Kwa bahati mbaya, kinachozuia sauti kupenya ni uzito. Ukuta ukiwa mwepesi, sauti nzito za ngoma na za spika hupita kama maji yanavyopita kwenye kikapu. Zaidi ya hayo, mifupa ya meli yenyewe ni ya chuma, na ndani ya chuma sauti husafiri takriban mita 5,000 kwa sekunde, ilhali hewani husafiri mita 340 hivi. Ndiyo maana mtu wa sitaha ya nane husikia kiti kikiburutwa juu yake kana kwamba kinaburutwa ndani ya fuvu lake.

Je, sheria inasemaje? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha mwaka 2012 kanuni mpya za viwango vya kelele melini, nazo zikaanza kuwa lazima tarehe 1 Julai 2014 kwa meli mpya za tani 1,600 na zaidi. Kanuni hizo zinasema kwamba katika meli kubwa kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 55, na kwamba ukuta kati ya chumba na chumba uwe na uwezo, kwa kipimo cha maabara, wa kupunguza sauti kwa desibeli 35. Ukiwepo mlango wa kuunganisha vyumba viwili, kiwango hushuka hadi 30. Sasa someni kwa makini: kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya mabaharia, na zenyewe zinatamka kwamba hazikukusudiwa kwa vyumba vya abiria. Yaani mpishi wa meli, juu ya karatasi, ana haki ya ukuta wa namna fulani. Bibi aliyelipiwa maelfu ya dola hana haki hiyo kwa kanuni hiyo. Ni kweli kwamba mashirika ya ukaguzi wa meli, kama DNV na Lloyd's Register, hutoa madaraja ya utulivu kwa vyumba vya abiria, na wajenzi wengi wazuri huyafuata. Lakini hilo ni hiari, wala daraja hilo si jambo linalotangazwa katika vipeperushi vya mauzo. Vipeperushi hutaja mabwawa ya kuogelea.

Tupige hesabu kidogo, hata kama hesabu yenyewe ni ya jumla. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi. Spika ndogo ya mkononi, ile inayotoshea ndani ya mkoba, hufikisha 85 bila taabu. Toa 35 za ukuta ulio mwema, zinabaki 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilisema kwamba kwa usingizi mzuri kelele ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30. Basi mazungumzo ya jirani yamo ndani ya kipimo hicho, na spika ya jirani imekiruka mbali sana. Mjenzi aliwawazia watu wanaozungumza, wanaokohoa, wanaofunga mlango taratibu. Anayesema "nimelipa" hana budi kuelewa alichonunua: amenunua nafasi katika nyumba iliyobuniwa kwa watu wenye adabu, na bei yake haikuujumlisha usingizi wa chumba cha pili.

Hatuandiki haya kwa kubuni. Mwaka 2024 wazazi wawili wa jumuiya moja ya parokia yetu walilipiwa na binti yao, muuguzi huko Marekani, safari ya usiku saba kutoka Florida, kwa kuadhimisha miaka 40 ya ndoa yao. Kampuni hatuitaji, kwa kuwa lililowapata lingeweza kuwapata katika nyingine yoyote. Vyumba viwili vya jirani zao vilikuwa na mlango wa kuunganisha, nao ulikuwa wazi. Humo walikaa vijana wa makamo wapatao wanane, na muziki ulianza saa tano usiku hadi saa tisa. Usiku wa kwanza wazee walivumilia. Usiku wa pili Mzee alipiga simu mapokezi, akaombwa radhi kwa lugha tamu, na baada ya nusu saa mhudumu wa chumba akagonga mlango akiwa na pakiti ya vizibo vya masikio. Usiku wa tatu wakaambiwa meli imejaa, hakuna chumba cha kuhamia. Asubuhi yake Mzee alikutana koridoni na mmoja wa vijana wale, akamwamkia kwa heshima na kumweleza. Kijana naye hakutukana. Alitabasamu na kusema kwamba yeye amelipa kama Mzee alivyolipa, na kwamba watu huja baharini kufurahi.

Huyo kijana hatumlaumu peke yake. Amefundishwa. Tangu alipokanyaga ngazi ya meli amekuwa akiambiwa kwamba kila kitu ni chake. Kampuni hizi huuza vifurushi vya vinywaji, ambapo mtu hulipa mara moja kwa siku na kunywa bila kutoa fedha tena. Kifurushi kimoja maarufu cha kampuni kubwa ya Miami kina kikomo: vinywaji 15 vya kileo kwa saa 24. Kikomo! Msomaji na ajiulize ni hali gani anayokuwa nayo mtu anapokaribia kikomo hicho, na anakwenda kulala, au kutolala, mlango wa nani. Hatupingi mtu kunywa glasi yake ya divai. Tunapinga kampuni kupata faida ya chupa jioni na kujifanya haijui usiku wa manane kelele zimetoka wapi.

Turudi kwenye vizibo vya masikio, maana hapo ndipo ghadhabu yetu ilipo. Wanaotoa ushauri huo huudhani kuwa ni huruma. Sisi tunauita kuhamisha wajibu kutoka kwa mwenye kosa kwenda kwa aliyekosewa. Mtu aliyeibiwa kuku hapewi mboga za majani aambiwe azizoee. Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Meli si hoteli. Ikitokea hatari usiku, king'ora hulia milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu, na kanuni za kimataifa za vifaa vya uokoaji zinadai kwamba mlio huo, pale mtu alipolaza kichwa, uwe angalau desibeli 75. Vizibo vilivyovaliwa sawasawa vinaweza kupunguza sauti kwa desibeli 20 hadi 30. Hatusemi kwamba mwenye kuvivaa hatasikia king'ora kamwe. Tunasema kwamba kampuni inayotumia fedha nyingi kuhakikisha sauti ya uokoaji inamfikia kila mtu kitandani, halafu ikamgawia mzee wa miaka 70 kitu cha kuizuia sauti hiyo, eti kwa sababu haitaki kumkera mteja wa chumba cha pili, imechagua upande. Anayependa vizibo kwa hiari yake avivae. Kumpa mtu kama jibu la malalamiko ni jambo jingine.

Na nani alitumwa kuvileta? Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo.

Alitumwa mhudumu wa chumba. Huyu katika meli nyingi ni Mfilipino, Mwindonesia, Mhindi, na siku hizi huenda akawa kijana wetu kabisa. Husafisha vyumba vingi asubuhi na kuvirudia jioni, siku saba kwa juma, bila Jumapili. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unaweka kipimo cha mapumziko kisichopungua saa 10 katika kila saa 24, nazo zinaweza kugawanywa mara mbili, mradi sehemu moja isipungue saa sita. Kwa hiyo usingizi wake halali ni mfupi tayari. Sehemu ya kipato chake ni bakshishi, ambayo kampuni nyingi za soko la Marekani huikata kwa kila abiria, takriban dola 16 hadi 20 kwa siku, na ambayo abiria aliyeudhika huweza katika baadhi ya meli kwenda mapokezi akaifuta. Huyo ndiye anayetumwa saa saba za usiku kumgongea mlango mtu aliyelewa, mwenye uwezo wa kumpunguzia ugali, ili amwombe apunguze muziki. Ni nani kati yetu angegonga kwa nguvu? Kijana wa watu hugonga kwa ncha ya kidole, hutabasamu, huomba radhi pande zote mbili, kisha hurudi kulala saa tatu au nne kabla ya zamu nyingine. Aliye na mamlaka ya kweli amelala sitaha ya juu.

Kisha inakuja karatasi ya mwisho wa safari, dodoso, inayomwuliza abiria kama aliridhika. Yule mama wa jumuiya yetu alitusimulia kwamba swali lilikuwa juu ya chumba na mhudumu wa chumba kwa pamoja. Akitoa alama ndogo kwa sababu ya kelele, alama hiyo ingemwangukia yule yule kijana aliyekuwa akimkunjia taulo kwa umbo la tembo. Akitoa alama kubwa, kelele zingekuwa hazikuwahi kutokea. Alitoa alama kubwa. Tunamwelewa, na tunasema wazi kwamba mtu aliyeandika dodoso la namna hiyo, kwa kukusudia au kwa kutokujali, amejenga ukuta mnene kuliko kuta zote za meli yake.

Mamlaka yapo. Hilo ndilo linalofanya uzembe huu usiwe na udhuru. Nahodha ana madaraka makubwa juu ya watu waliomo melini kuliko meneja yeyote wa hoteli. Masharti ambayo abiria huyakubali anaponunua tiketi, yale maandishi madogo tusiyosoma, kwa kampuni kubwa nyingi huiruhusu meli kumwonya abiria msumbufu, kumzuilia ndani, hata kumshusha katika bandari inayofuata kwa gharama zake mwenyewe. Wapo walinzi wenye sare, wapo saa 24. Kampuni hizo hizo huwa kali ajabu mtu akipandisha chupa ya pombe aliyonunua nje: huinyang'anya mlangoni, huandika jina, humrudishia siku ya mwisho. Chupa hiyo huathiri mauzo. Usingizi wa mzee hauathiri mauzo, basi unaletewa vizibo.

Watakuja wenzetu wema watuambie: Baba, je, si vizuri kuvumilia? Safari ni ya siku saba tu, na jirani ni wa kupendwa. Tunaheshimu nia yao, ila hatukubaliani nao. Kumpenda jirani hakujawahi kumaanisha kumwacha aendelee kumdhuru mwingine, maana chumba chako si cha pekee kinachosikia: upande wa pili wa sherehe ile yuko mtoto mchanga, na chini yake yuko pengine mgonjwa aliyetoka kwenye matibabu na kupewa safari hiyo kama ya mwisho. Anayenyamaza hanyamazi kwa niaba yake mwenyewe tu. Tena uvumilivu wa namna hiyo mara nyingi si uvumilivu. Ni woga uliovaa kanzu. Tumewaona wanaovumilia kwa siku nne, wakalipuka siku ya tano kwa matusi ambayo hayafutiki.

Wala hatuwaungi mkono wale wanaojisifu kwa kulipiza kisasi. Tumesoma na kusikia mbinu zao: kuupiga ukuta kwa kiatu, kupigia simu chumba cha jirani saa kumi na mbili asubuhi wakati yeye amelala, kuiwasha televisheni kwa sauti ya mwisho na kuiacha ikielekea ukutani. Watu huzisimulia kwa kicheko kana kwamba ni ushujaa. Kumbukeni chuma tulichokisema: kiatu kinachopiga ukuta wa kushoto husikika kulia, juu na chini, na mhudumu yule yule ataitwa kusuluhisha. Kisha, katika meli huwezi kuhama mtaa. Utakutana na jirani huyo kwenye lifti, kwenye foleni ya chakula, kwenye boti ya kushukia, kwa siku zote zilizobaki.

Basi afanyeje mtu? Wazee wetu wale walifanya jambo ambalo tunalipendekeza. Siku ya nne Mama alichukua karatasi na kuandika namba za vyumba viwili, tarehe, saa kelele zilipoanza na saa zilipokoma, na jina la kila aliyepokea simu. Mchana, watu wakiwa watulivu na mapokezi hapana foleni, alikwenda na kuomba kuonana na afisa wa usalama, si mhudumu. Hakupaza sauti. Alisema mambo mawili: kwamba hataki chumba kingine, divai ya bure wala vizibo, anataka kanuni za meli zitumike, na kwamba anaomba ujumbe wake uandikwe katika kumbukumbu za malalamiko, naye apewe nakala. Usiku ule saa tano na nusu walinzi wawili walikwenda wenyewe kwenye mlango ule, na mlango wa kuunganisha vyumba ukafungwa kwa ufunguo. Wazee walilala usiku tatu kati ya saba walizolipiwa. Kijana wa koridoni hakuwasalimia tena. Hiyo ni hasara ndogo, ingawa Mzee, kwa jinsi alivyo, iliendelea kumsumbua.

Tuongeze machache tuliyoyapata kwa wanaosafiri mara kwa mara. Kuzungumza na jirani ana kwa ana ni kwema, lakini mchana, kabla ya kinywaji, na kwa kuanza na salamu na kujitambulisha. Wengi hawajui kabisa kwamba ukuta ni mwembamba kiasi hicho, na wapo wanaoshtuka na kuomba radhi papo hapo. Usiku wa manane usiende mlangoni mwa mtu aliyelewa hata kama wewe ni mpole kama njiwa. Piga simu. Piga tena baada ya dakika ishirini. Anayepiga mara moja huhesabiwa kuwa amelala. Kelele ikitoka kwenye roshani, taja roshani, maana kizuizi kati ya roshani na roshani kwa kawaida ni ubao mwepesi tu, na mlinzi anayesimama koridoni hatasikia kitu, naye ataandika kwamba alikuta kimya. Na kama kelele ni ya mtoto anayelia, hilo halihitaji simu wala mlinzi. Mtoto hajasema "nimelipa".

Kwenye lile dodoso, msikubali kunaswa. Mpeni mhudumu alama zake zote anazostahili, mtajeni kwa jina katika nafasi ya pongezi, kisha katika nafasi ya maoni andikeni kelele, namba za vyumba, na muda ambao mamlaka yalichukua kabla ya kuja. Nafasi ikiwa ndogo, andikeni barua kwa kampuni mkifika nyumbani. Barua moja haitabadili ukuta. Lakini kampuni hizi zinasoma barua kwa jicho la mauzo, na tungependa siku moja zione kwamba utulivu nao huuzika, ziandike daraja la utulivu la chumba pembeni mwa bei yake kama zinavyoandika ukubwa wa roshani. Hatuoni kwa nini jambo hilo lishindikane. Kipimo kipo, wapimaji wapo, na vyumba hupimwa kabla meli haijakabidhiwa.

Na ninyi, watoto mnaowalipia wazazi wenu safari hizi, na Mungu awabariki kwa moyo huo, msiangalie picha ya bahari peke yake. Ombeni ramani ya sitaha. Chagueni chumba ambacho juu yake ni vyumba na chini yake ni vyumba. Kikiwa chini ya bwawa la kuogelea mtasikia viti vikipangwa alfajiri, kikiwa juu ya ukumbi wa dansi mtasikia ngoma, na kikiwa mbele kabisa mtaamshwa na mitambo ya kugeuzia meli kila inapoingia bandarini. Epukeni vilivyo karibu na lifti. Zaidi ya yote epukeni vyenye mlango wa kuunganisha, ambavyo kwa mauzo hupendeza sana kwa sababu huchukua familia kubwa. Katika ramani nyingi mlango huo huchorwa kwa alama ndogo kwenye mstari kati ya vyumba viwili, na maana yake hutolewa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Itafuteni alama hiyo kabla ya kuandika namba ya kadi ya benki.